Tando Tatu za Mshipa wa Kuonea

Siku niliyokabidhi funguo za kabati la dawa, mmoja wenu aliniuliza ni nani aliyenifundisha kutazama ndani ya jicho. Wagonjwa walikuwa wamejaa barazani, nikamwambia asubiri. Sasa nina nafasi. Nyumba yangu hapa Masasi ina kimya cha kutosha, kuku ni wawili na hawana maneno mengi, na kalamu bado inanitii. Nitaandika mambo yalivyokuwa tangu mwanzo. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mishahara yetu mnaijua wenyewe.

Nilizaliwa Nanganga, baba yangu akiwa mnunuzi wa nta na mpira. Nilisoma chuoni, nikahitimu Kurani, kisha nikapelekwa Lindi kwenye shule ya serikali ya Wajerumani, nikajifunza herufi zao na hesabu. Wenzangu wengi walitoka pale wakawa makarani na maakida. Mimi niliambiwa: wewe una mkono uliotulia, nenda Newala kwa daktari. Nikapanda mlima na mzigo wa chupa kichwani, chupa thelathini za dawa zilizofungwa kwenye majani makavu, na sikuvunja hata moja. Naandika hilo kwa sababu hakuna aliyelisema siku ile.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba mbili za udongo kwenye ukingo wa uwanda, mahali ambapo leo hata msingi hauonekani. Ukisimama nyuma ya nyumba unaona bonde lote la Ruvuma chini yako. Maji yalikuwa huko chini. Kila tone tulilonawia mikono lilipandishwa na wanawake kwa saa mbili za kuteremka na kupanda, na ndiyo maana mpaka leo nikimwona muuguzi anamwaga nusu ya beseni nje, roho inaniuma.

Daktari watu walimwita Bwana Mboni. Hata ukienda kwake na kidonda cha mguu, ataanza kukufunua kope. Alikuwa mrefu, mkimya, wa makamo, hana mke wala picha ya mtu ukutani. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, lakini alikitafuna kama muwa mgumu.

"Jina?" akaniuliza siku ya kwanza.

"Hamisi, bwana."

"Mkono wako unatetemeka?"

"Hapana, bwana."

"Tutaona."

Akanipa taa ya mafuta, akaniweka ubavuni mwa kizee mmoja wa Kimakonde aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, akasema nisisogee. Kisha akatoa kioo kidogo cha mviringo chenye tundu katikati, akakiweka kwenye jicho lake, akamwinamia yule kizee. Mwanga wa taa yangu uligonga kile kioo ukaingia ndani ya jicho la mgonjwa, naye daktari akachungulia kupitia tundu. Nilisimama mpaka bega likawaka moto. Jasho liliniingia machoni nami sikulifuta. Alipomaliza alichukua taa, akaizima.

"Kesho utakuja tena," akasema. Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yangu ya kuajiriwa.

Masomo yangu yalianzia kwenye vichwa vya mbuzi. Kila mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya askari, kichwa kililetwa kwetu kwanza. Tulikata mfupa wa juu ya jicho kwa msumeno mdogo, tukaondoa mafuta kidogokidogo kwa koleo, tukaisogeza misuli kando, mpaka tukaufikia mshipa wenyewe wa kuonea. Ni mweupe, mnene kama bua changa la mtama, na umejipinda kidogo, ili jicho likigeuka huku na huku usivutike.

Mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba ubongo haukai uchi ndani ya fuvu. Umefunikwa kwa tando tatu. Wa nje ni mnene na mgumu, umeng'ang'ania mfupa. Wa kati ni mwembamba, ukiuinua kwa ncha ya sindano unatoka kama nyumba ya buibui. Wa ndani umegandamana na ubongo wenyewe na umebeba mishipa midogo ya damu. Kati ya huo wa kati na huo wa ndani mna maji, masafi kabisa. Mishipa mingine ya kichwani ikitoka nje ya fuvu huziacha tando hizi mlangoni. Mshipa wa kuonea hauziachi. Unaondoka nazo zote tatu, na maji yake ndani, unapita kwenye tundu jembamba la mfupa, na hauvui kitu mpaka ufike nyuma ya jicho. Pale utando wa nje unaungana na weupe wa jicho, na njia ya maji inaishia ukutani.

Mimi nilidhani hayo ni maneno ya vitabu. Siku moja Bwana Mboni akavuta wino wa buluu kwenye sindano, akaupenyeza polepole chini ya utando, huku ndani ya fuvu la mbuzi. Tukangoja. Kisha akapasua ala ya mshipa, yaani zile tando zinazouvika, nyuma kabisa ya jicho, na wino ukatoka pale.

"Maji yakizidi kichwani, yatakwenda wapi?" akauliza.

"Yatakuja huku, bwana."

"Na huku yataishia wapi?"

"Nyuma ya jicho."

"Yakijaa hapo, yakakosa pa kwenda?"

Nikautazama ule mshipa. "Yataubana. Mtu ataacha kuona, na jicho lake halina ugonjwa."

"Basi," akasema.

Katika miaka niliyokaa naye, hiyo "basi" niliisikia mara nne au tano, na kila mara nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya siku mbili.

Nyumbani alikuwapo mke wangu, Fatu, mwenyeji wa Chiwata, na binti yetu Rukia, aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno. Fatu alikuwa mcheshi. Nikiingia mlangoni ananiuliza, "Baba Rukia, leo umekula macho mangapi?" Alitania hivyo kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba mimi na yule Mjerumani tunakula macho. Wengine hawakutania. Nilipokwenda kwa wakwe Chiwata nilitengewa sahani yangu, na sahani hiyo ilioshwa mbali na zingine. Sokoni watu walinipisha njia, heshima ambayo sikuiomba. Mtu mmoja tu ukweni hakujali. Ndiye Athumani, kaka yake Fatu, mwindaji. Alikula nami sinia moja, akachovya kwenye bakuli langu makusudi mbele ya wote, akasema, "Shemeji, kama ni uchawi, basi umenipata." Nilimpenda sana mtu yule.

Kutazama ndani ya jicho la mtu hai kulinichukua muda kuliko msumeno na koleo. Majuma mengi nilichoona kwenye kile kioo ni mng'aro tu na kope za mgonjwa. Halafu asubuhi moja mambo yakafunguka. Niliona wekundu kama wa jua linapochomoza kwenye moshi wa mashamba, na katikati yake kisahani kidogo cha mviringo, rangi yake imepauka, ukingo umekatika safi, na vijito vya damu vikitoka katikati na kutawanyika. Kile kisahani ndicho ncha ya mshipa wa kuonea. Ni mahali pekee katika mwili ambapo unaweza kuona mshipa wa fahamu wa mtu aliye hai bila kumpasua. Nilipiga kelele. Mgonjwa akakimbia.

Baada ya hapo nilitazama macho ya kila aliyepita, ya askari, ya wachukuzi, ya wanawake waliopandisha maji, nikachora kila kisahani kwenye daftari. Mwezi wa sita wa kufanya hivyo, Bwana Mboni akafunga mlango, akakaa yeye kwenye kigoda cha wagonjwa.

"Tazama langu," akasema. "Sema unachokiona. Usiseme cha kunifurahisha."

Nikaweka taa sawa, nikainama. Nikatafuta kisahani, nikapata kitu kilichovimba kama uyoga.

"Ukingo?" akauliza.

"Siuoni, bwana."

"Mishipa ya damu?"

"Imejaa. Inapanda na kushuka kama njia inayopita juu ya kilima."

"La pili."

Nikatazama la pili. "Hilo nalo. Ila hili la kulia uvimbe wake ni mdogo zaidi."

Akaandika kila neno. Nami nikaiweka taa mezani. Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa akishika ukingo wa meza kila akiinuka, na kwa nini mara nyingine alinyamaza katikati ya sentensi akisubiri giza lipite machoni. Hakuna mtu anayeweza kuchungulia nyuma ya jicho lake mwenyewe. Daktari mwingine aliyekuwa karibu alikuwa Lindi. Bwana Mboni alikuwa amenifundisha kwa miezi yote ile ili apate mtu wa kumtazama.

"Kwa nini huendi Lindi, bwana?" nikamuuliza.

"Wakijua, watanipeleka kwetu."

"Kwenu si ndiko kwenye madaktari?"

"Kwetu hakuna mtu ananingoja, Hamisi. Hapa wananingoja kila asubuhi, barazani."

Alisema huenda maji ya kichwani yamezidi bila sababu, jambo ambalo hutokea, na hapo sindano ya mgongoni ingesaidia, kwa sababu maji ya mgongoni na ya kichwani na ya nyuma ya jicho ni mamoja. Au huenda kuna uvimbe ndani ya ubongo, na hapo sindano hiyohiyo ingeweza kumuua palepale mezani. Hakuwa na njia ya kujua ni lipi.

Wakati tunapima hayo, vita vikafika. Habari zilikuja kwanza kutoka upande wa Liwale, kwamba wapo watu wenye dawa ya maji, ukinyunyiziwa risasi ya Mjerumani inageuka tone. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi, na kazi za kulazimishwa, na viboko. Mimi mwenyewe niliwahi kupaka dawa migongo iliyochanika kwa kiboko cha boma, asubuhi, kisha mchana nikala ugali wa boma hilohilo. Sitaki mdhani kwamba sikuuona mgongano huo. Masasi ikawaka, wengine wakakimbilia Lindi, njia zikafungwa. Newala tukabaki juu ya mlima, kituo na boma ndani ya ua mmoja wenye lango, na askari kumi na wawili chini ya shaush mmoja, yaani mkubwa wao, mtu wa bara aitwaye Rehani, mkali kama pilipili. Wanawake waliogopa kuteremka bondeni, na maji yakawa ya kugawiwa kwa kikombe.

Athumani alikwenda na watu wa maji. Fatu alipokea habari hiyo akitwanga, na aliendelea kutwanga.

Siku chache baadaye Bwana Mboni aliamka haoni kwa jicho la kushoto, na la kulia limezungukwa na ukungu. Alitapika kwa maumivu ya kichwa. Akaniita.

"Leo," akasema.

"Mimi, bwana?"

"Umeifanya mara tatu."

Ni kweli, sindano ya mgongoni nilikuwa nimeifanya mara tatu, kwa wagonjwa wa homa ya shingo ngumu, yeye akiwa amenishika kiwiko. Wawili kati yao walikufa, ingawa si kwa sindano. Shaush Rehani akaja kusimama mlangoni na bunduki. Bwana Mboni alikuwa ameandika karatasi kwamba akifa mimi sina kosa. Ilikuwa kwa Kijerumani, na Rehani hakujua kusoma lugha yoyote. Alinitazama, akasema kwa upole kabisa, "Akifa, Hamisi, utamfuata kabla hajapoa."

Nilichemsha sindano kwa maji ya vikombe viwili, mgao wangu na wa Fatu. Nikamlaza daktari ubavu, magoti yamevutwa tumboni, kidevu kifuani. Sikilizeni hapa nyinyi mnaoanza kazi. Weka vidole juu ya mifupa ya nyonga, kulia na kushoto, piga mstari katikati kwa akili yako. Mstari huo unakupeleka kwenye pengo kati ya pingili mbili. Hapo uti wenyewe umekwisha, kuna nyuzi tu zinazoelea majini. Ingiza sindano taratibu pamoja na waya wake ndani. Kwanza ngozi, kisha unene unaobisha, na mwisho kitu kinachoachia ghafla, kidogo sana, kama uzi unaokatika ndani ya nguo. Huo ndio utando wa nje. Simama hapo hapo.

Nilivuta waya. Maji yakaruka. Kwa mtu mzima wa afya hudondoka. Haya yaliruka mpaka kifuani kwangu, masafi kabisa, na Rehani akapiga hatua mbele. Nilibana mdomo wa sindano kwa kidole nikaacha yatoke tone kwa tone, nikihesabu, kwa sababu yakitoka kwa pupa ubongo hushuka na mtu hufa. Mimi nilikuwa naongea, sijui nikiongea na nani, nasema polepole, polepole. Matone yalipoanza kukaa mbalimbali, nikachomoa.

Alilala chali saa nzima bila mto. Kisha akasema, "Hamisi. Kichwa kimeniacha."

Rehani akaweka bunduki chini, akatoka nje, nikamsikia anacheka peke yake kama mwendawazimu. Mwaka ule kila mtu alikuwa na maji yake aliyoyaamini, na mimi yangu yalikuwa hayo.

Lakini maji hurudi. Baada ya siku sita ukungu ukarudi, nikarudia sindano, ukaondoka. Tukaelewa kwamba itakuwa hivyo kila juma, mpaka njia ya Lindi ifunguke au mwili wake utafute mizani wenyewe. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda. La kulia ndilo tulilolipigania.

Asubuhi ya sindano ya tatu Fatu alikuja kituoni, Rukia mgongoni. Hakuwahi kukanyaga pale. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu wa safari.

"Baba Rukia, Athumani amepatikana."

"Wapi?"

"Msituni chini ya Chiwata. Amepigwa kitako cha bunduki kichwani, wenzake wamemwacha. Mama mdogo amemkuta. Anatapika, analalamika kichwa, anasema anaona watu kama wako nyuma ya chandarua." Akanisogelea. "Dalili hizo umenieleza mwenyewe, kwa yule daktari wako. Chonde, twende."

Nilijua ni nini. Damu ndani ya fuvu, chini ya utando mgumu, inasukuma kila kitu, na maji yanakimbilia kwenye ala za macho. Sindano ya mgongoni kwa mtu kama huyo haifai, humuua. Angehitaji kutobolewa mfupa, na hilo sikuwahi kulifanya, ingawa nililiona likifanywa mara moja na vifaa nilikuwa navyo, ndani ya sanduku lile lile nililokuwa nimekalia.

"Siwezi kumsaidia, Mama Rukia," nikasema. "Kwa ugonjwa ule, siwezi."

"Njoo basi umshike mkono tu. Anakuulizia."

"Nikimwacha huyu leo, atakuwa kipofu jioni."

"Na yule?"

Nikageukia moto wa kuchemshia sindano.

"Huyu ni Mjerumani," akasema Fatu. Hakupandisha sauti. "Yule amekula sinia moja na wewe."

Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba Rehani alikataza mtu yeyote kutoka bomani, na kwamba ningepigwa risasi langoni. Alikataza, ni kweli. Lakini askari wa lango asubuhi ile alikuwa mtu niliyemtibu jipu, na angegeuza uso. Ningeweza kwenda. Ningechoma sindano saa ile ile, nikashuka, na kwa mwendo wa haraka ningefika Chiwata kabla ya jua kuzama. Lakini mgonjwa wa sindano haachwi peke yake siku ya kwanza, hilo nalo ni kweli. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa nzuri. Nilimwambia wamlaze Athumani kichwa kimeinuliwa, wasimpe pombe, wasimtikise. Nikamwambia nitakuja kesho kutwa.

Fatu akamweka Rukia sawa mgongoni, akaenda.

Sindano ya tatu ilikwenda vizuri kuliko zote. Kesho kutwa asubuhi nilikuwa nafunga viatu ndipo mtu alipoleta habari kwamba Athumani amezikwa. Nilikwenda hivyo hivyo, kupitia mashamba ya mihogo, nikijificha. Matanga yalikuwa yamejaa. Hakuna aliyenifukuza. Nilipokaa jamvini, waliokuwa jirani yangu walisogea polepole, mmoja mmoja, mpaka nikabaki na jamvi zima. Fatu alikuwa ndani na wanawake na hakutoka. Nilirudi Newala peke yangu.

Mwezi uliofuata mjomba wake Fatu alipanda mlima, mzee wa adabu, akakaa nami kwenye kizingiti.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kugombana. Nimetumwa talaka."

"Yeye anasemaje?"

"Yeye hasemi. Ndiyo maana nimekuja."

Nikaitoa. Mtoto, kwa desturi yetu, alibaki upande wa mama yake.

Njia ya Lindi ilipofunguka, Bwana Mboni alibebwa kwa machela. Jicho la kulia lilikuwa linaona vizuri, kisahani chake kimetulia, ukingo umerudi. Nililitazama kwa mara ya mwisho barazani, watu wakitutazama. Alinipa kile kioo chenye tundu. Akataka kusema jambo refu, Kiswahili kikamshinda, akasema, "Basi, Hamisi." Baadaye ilikuja barua moja tu, herufi kubwa kubwa, za mkono wake mwenyewe. Alisema kwao kuna theluji na anaiona. Sikupata nyingine.

Miaka iliyofuata sina haja ya kuisimulia yote. Kituo cha Newala kilifungwa, nikaletwa Masasi. Mabwana walibadilika. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipita juu yetu, vikachukua wachukuzi ambao hatukuwahi kuwazika. Nilitibu njaa, kwa sababu baada ya Maji Maji njaa ilikula watu kuliko risasi, na njaa haina dawa kabatini. Kioo nilikitumia kila siku. Mara mbili zaidi katika maisha yangu nilikutana na ugonjwa ule wa maji kuzidi, kwa mfinyanzi mmoja wa Kimakua na kwa mke wa fundi cherehani, na wote wawili wanaona mpaka leo. Wenzangu wa kazi walinichukulia kuwa mtu mzuri asiyependa mazungumzo. Sikuoa tena. Kila nilipofikiria kuoa nilianza kupanga maneno ya kueleza, nikachoka kabla sijamaliza.

Chiwata sikukanyaga kwa miaka tisa. Kisha ndui ikazuka, nikapewa sanduku la chanjo na orodha ya vijiji, na Chiwata ilikuwa ya nne. Nilichanja watu asubuhi nzima chini ya banda la jumbe, mkuu wa kijiji. Hawakunikumbuka, au walijua kujifanya. Mchana msichana mmoja mwembamba akaja na mtungi wa maji, akapiga goti.

"Shikamoo, bwana dawa. Mama anasema ukimaliza uje kula."

"Marahaba. Mama yako nani?"

"Mama Rukia," akasema, "mimi ndiye Rukia," akaondoka haraka kwa aibu, kwa sababu hakuzoea wageni.

Nilimaliza mstari wa watu. Sikumbuki nilichanja mikono mingapi baada ya hapo, natumaini niliichanja sawasawa.

Fatu alikuwa amenenepa kidogo, ana mume mwingine, mkulima, aliyenipokea vizuri kisha akaenda shambani makusudi. Tulikula ugali wa mtama na mlenda. Aliuliza hali yangu, nikauliza yake. Alinipa sahani kutoka kwenye rundo la sahani za nyumba, kama zingine. Rukia alikaa pembeni akinitazama mikono.

Tulipomaliza kunawa, nikasema, "Mama Rukia, kuhusu Athumani."

"Ndiyo."

"Hata kama ningefika, nisingemponya. Hilo ni kweli, sikukuficha."

"Najua. Nilijua siku ile ile." Alikuwa anakunja jamvi, akaliacha. "Tangu nilipofika alikaa usiku mzima na asubuhi. Macho yalikuwa yamezimika kabisa. Kila akisikia hatua mlangoni anauliza, huyo ni shemeji? Nikamwambia bado."

Nikaliokota lile jamvi, nikamalizia kulikunja.

"Mwisho nikaona anateseka kungoja," akasema. "Nikamwambia umefika. Nikamshika mkono kwa mkono huu, nikanyamaza, ili adhani ni wako. Akaubana. Akasema, 'Shemeji, nilijua.' Ndivyo alivyokwenda."

Rukia akauliza shemeji ni nani. Mama yake akamwambia achukue vyombo.

Niliondoka jua likiwa bado juu, kwa sababu kijiji cha tano kilikuwa kinangoja.